Wauguzi wangapi, kwa pesa gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wodi na bajeti za hospitali Uganda

Nilikuwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, kwa miaka kumi na mmoja katika hospitali ya misheni upande wa mashariki, kisha nikahamishiwa utawala. Ofisi yangu mpya ilikuwa ghorofani. Kutoka pale mahesabu yanaonekana vizuri, wagonjwa hawaonekani. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wakurugenzi, wahasibu, wajumbe wa bodi, mainchaji wenzangu na, mara moja, askofu. Majibu yanalenga zaidi hospitali za dini na za binafsi, kwa kuwa huko anayeajiri ndiye anayelipa. Za serikali nazo zina swali lao huko chini.

Uganda ina uhaba wa wauguzi kweli, au tunasingizia?

Uhaba tulio nao ni wa nafasi zenye mshahara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili itimize malengo ya afya, na sisi tuko chini sana ya hapo. Lakini nenda hospitali yoyote kubwa asubuhi, utakuta vijana wenye vyeti na leseni "wanaojitolea", yaani wanafanya kazi kamili kwa nauli ya boda na kikombe cha chai, wakingoja tangazo la ajira. Wengine wanauza dawa kwenye maduka ya mtaani. Kwa hiyo mkurugenzi anaponiambia "Sista, wauguzi hawapatikani," mimi husikia "sijapata pesa ya kuwalipa", na hayo ni mazungumzo mengine kabisa. Wanaoadimika kweli ni wenye ujuzi maalumu: wa thieta (chumba cha upasuaji), wa watoto njiti, wa wagonjwa mahututi.

Wodi yangu inahitaji wauguzi wangapi?

Usianze na vitanda, wala na idadi ya mwaka jana. Anza na saa.

Kiti kimoja cha muuguzi kisichoachwa wazi mchana na usiku ni saa 24 kwa siku, yaani saa 8,760 kwa mwaka. Sasa tazama mtu mmoja anaweza kukupa saa ngapi. Mwaka una siku 365. Toa siku 52 za mapumziko ya wiki, zinabaki 313. Toa siku 21 za likizo ambazo Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi (siku saba kwa kila miezi minne), toa sikukuu kama 13, kisha tenga siku tisa za ugonjwa, msiba na mafunzo. Unabaki na siku 270. Kwa saa nane kila siku, ni saa 2,160. Gawanya 8,760 kwa 2,160: nne na kidogo. Kiti kimoja, watu wanne. Kama hospitali yenu inafuata wiki ya saa 40 badala ya 48, ni watu watano.

Hesabu hii huwashtua wajumbe wa bodi kila mara. Huona wauguzi kumi kwenye orodha ya mishahara, wakishuka wodini wanakuta wawili, basi wanadhani wale wanane wamejificha mahali wanakunywa chai.

Chukua sasa wodi halisi. Zamu zetu nyingi zinakatwa hivi: ya asubuhi saa mbili hadi saa nane, ya mchana saa nane hadi saa mbili usiku, kisha usiku mzima mpaka saa mbili asubuhi. Ukitaka watatu asubuhi, watatu mchana na wawili usiku, ni saa 18, na 18, na 24, jumla 60 kwa siku, 21,900 kwa mwaka. Gawanya kwa 2,160 upate wauguzi kumi na kipande cha mtu. Inchaji sijamhesabu, na hapo hakuna aliye likizo ya uzazi. Kwa sheria likizo hiyo ni siku 60 za kazi zenye malipo kamili: saa 480, zaidi ya moja ya tano ya mwaka wa muuguzi mmoja. Wodi ina wanawake tisa walio kati ya miaka ishirini na tano na thelathini na mitano, na bajeti haikutenga uzazi hata mmoja! Andika kumi na mmoja, halafu ulale.

Anayetaka mbinu rasmi, Shirika la Afya Duniani lina WISN, ambayo imewahi kutumika nchini mwetu. Inapima kila kazi inachukua dakika ngapi, kisha inazidisha kwa mara ambazo kazi hiyo inafanyika kwa mwaka. Ni nzuri, ila inadai takwimu safi, na rejesta zetu unazijua.

Kwa nini wodi mbili zenye vitanda sawa zipewe wauguzi tofauti?

Kwa sababu kitanda hakiugui. Kuna asubuhi nilikuwa na wanawake 24 wodi ya upasuaji, zaidi ya nusu wakisubiri tu kutolewa nyuzi na kurudi nyumbani. Jirani yangu wa wodi ya watoto alikuwa na watoto 24 vilevile: kumi kwenye dripu, watatu kwenye oksijeni, mmoja anadegedeka. Rosta, yaani ratiba ya zamu, ilikuwa imetupa wauguzi wawili kila mmoja, kwa haki kabisa.

Tangu hapo tulianza kugawa wagonjwa mafungu matatu wakati wa kukabidhiana zamu: anayejimudu, anayehitaji kusaidiwa, na yule usiyeweza kumwacha. Penseli tu, alama pembeni ya jina. Baada ya mwezi mmoja utaona wodi ipi inaelemewa na siku zipi. Kwetu Jumatatu ilikuwa mbaya, na msimu wa mvua ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya malaria. Ukijua hivyo, likizo za wodi ya watoto hazipangwi Mei.

Sheria inasema muuguzi mmoja kwa wagonjwa wangapi?

Vigezo vya Wizara ya Afya vinahesabu nafasi kwa kituo, havihesabu wagonjwa kwa muuguzi. Vile vya zamani tulivyovizoea viliweka watumishi 9 kwa kituo cha afya cha daraja la II, 19 kwa daraja la III, 48 kwa daraja la IV na 190 kwa hospitali ya wilaya, askari wa getini akiwemo.

Kwingine sheria inataja wagonjwa. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1999 na kuanza kuitekeleza 2004. Queensland, Australia, iliweka mwaka 2016 wastani wa wagonjwa wanne kwa muuguzi mchana na saba usiku. Usizibebe namba hizo ukazibandike ukutani kwako, maana wale hawana wodi ambamo wagonjwa wengine wanalala kwenye mkeka sakafuni. Kilicho cha kuiga ni kwamba waliweka kikomo, na mtu fulani anawajibika kikivukwa. Jiwekee cha kwako. Sisi tuliandika kwamba usiku hakuna muuguzi wa kubaki peke yake na leba (chumba cha kujifungulia), basi. Kikomo kimoja kinachoheshimiwa ni bora kuliko jedwali zima.

Tukipunguza wauguzi wawili, tutaokoa kiasi gani?

Mishahara miwili na asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, juu yake. Hiyo ndiyo sehemu inayoonekana kwenye karatasi ya mhasibu.

Yanayofuata yanaingia kwenye mistari mingine ya bajeti, ndiyo maana hakuna anayeyaunganisha. Mgonjwa asiyegeuzwa anapata vidonda vya mgongo na kukaa wiki tatu zaidi. Kanula, ile mirija midogo ya mshipani, isipoangaliwa mahali pake panavimba, inawekwa nyingine, kisha nyingine. Dozi ya saa nane usiku inarukwa, homa inarudi, daktari anapandisha dawa ya bei kubwa. Aliyefanyiwa upasuaji anarudi na usaha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa "upungufu wa wauguzi". Vinaandikwa dawa, vifaa, chakula, dizeli.

Watu wameupima mzigo huu. Utafiti uliofanyika Pennsylvania na kuchapishwa 2002 uliona kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Queensland nako walifuatilia hospitali zilizowekewa kikomo na zisizowekewa. Matokeo, yaliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2021, yalionyesha kwamba pesa iliyookolewa kwa wagonjwa kukaa siku chache na kutorudishwa wodini ilizidi mara mbili gharama ya wauguzi walioongezwa. Najua, najua: Australia si Uganda. Lakini vidonda vya mgongo ni vilevile.

Basi tubane wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo swali la wauguzi na swali la gharama linapogeuka kuwa swali moja. Wengi huyaweka kwenye vikao viwili tofauti.

Anza na sindano. Hesabu leo wagonjwa wangapi wodini kwako wako kwenye seftriaksoni (antibiotiki) ya mshipa ilhali wanakula ugali na kupiga soga. Tuseme ni ishirini, mara mbili kwa siku, na kila dozi inamchukua muuguzi dakika kumi ukijumlisha kuchanganya, kusukuma polepole, kuzibua kanula na kuandika. Ni dakika 400, karibu saa saba: zamu nzima ya mtu na ziada. Juu yake weka sindano, maji ya kuchanganyia, glavu, plasta na kanula mpya. Daktari akiwatazama baada ya siku mbili au tatu na kuwahamishia vidonge wale kumi wanaoweza kumeza na ambao homa imeshuka, umeajiri nusu ya muuguzi bila tangazo la kazi. Uamuzi ni wa daktari, lakini kumkumbusha ni kazi ya inchaji. Sisi tulibandika karatasi mbele ya faili: "Bado ni wa sindano?"

Wazee wenzangu wanakumbuka usiku wa kwinini, dawa ya malaria kali ya zamani. Dripu ya muda wa saa nne, kila baada ya saa nane, watoto kumi na watano, na kila dripu lazima ihesabiwe matone kwa macho. Ilipokuja artesuneti, sindano ya kwanza mtoto anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha akiweza kumeza anamalizia vidonge. Hakuna aliyetuongezea hata muuguzi mmoja mwaka ule, lakini tuliweza kukaa chini. Hata hivyo bado naona wodi ambako mtoto anayecheza mpira uani anaendelea kuchomwa siku ya tano.

Pili, matembezi. Mfuate muuguzi mmoja zamu nzima, umwandikie. Mimi nilimfuata mmoja, hodari sana, nikakuta zaidi ya saa moja na nusu amekwenda na kurudi: famasi, maabara, stoo, keshia, kumtafuta mwenye funguo za stoo. Usiku alikuwa akipokea pesa za wagonjwa kwa sababu keshia amelala kwake. Mtu wa kubeba sampuli na dawa mshahara wake ni mdogo kuliko wa muuguzi, na hahitaji leseni. Ukimweka mmoja kwa wodi tatu utaona.

Tatu, kuruhusiwa. Daktari akipita wodini saa sita mchana, bili zinatoka saa tisa, ndugu aliyekwenda kuuza mbuzi hajarudi, mgonjwa analala tena. Kesho asubuhi ni mgonjwa mzima aliyekalia kitanda. Anza raundi na wanaotarajiwa kwenda nyumbani, saa mbili na nusu. Mwambie familia makadirio ya bili siku ya pili, si siku ya mwisho. Kuwazuia watu wodini kwa sababu ya deni hakulipi: unawalinda, wanatumia maji na umeme, kisha wanatoroka usiku, na muuguzi wa zamu anaambiwa aandike maelezo. Nimewahi kuandika maelezo hayo mara nne.

Dawa zinazoisha muda stooni, taa za mchana, oksijeni inayovuja kwenye kiungio: hayo mnayajua, mhasibu wenu ameshayasema.

Na glavu?

Bajeti ya glavu usiiguse. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, Hospitali ya Lacor ilizika wauguzi wake mmoja baada ya mwingine, na Dkt. Matthew Lukwiya aliyekuwa akiiongoza akafa tarehe 5 Desemba. Januari 2025 ugonjwa ulipotangazwa tena Kampala, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa. Swali linalofuata.

Ovataimu inatumaliza. Tuifute?

Huwezi kuifuta kwa tangazo. Itageuka kuwa saa zisizolipwa, kisha barua za kuacha kazi. Ihesabu kwanza.

Sheria inasema saa inayozidi nane kwa siku au 48 kwa wiki inalipwa mara moja na nusu, na ya sikukuu mara mbili. Kwa wa zamu inaruhusiwa kupita hapo, mradi wastani wa wiki tatu usizidi saa 56 kwa wiki. Tuseme muuguzi wenu analipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Wiki ya saa 48 ni saa 208 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni kama 4,800 na ya ovataimu ni kama 7,200. Saa 139 za ovataimu zinakula mshahara mzima wa mwezi. Wauguzi saba wakizidisha saa ishirini kila mmoja, mmeshafika. Chini ya hapo ovataimu ni rahisi kuliko kuajiri; ikipita hapo miezi mitatu mfululizo mnamlipa muuguzi ambaye hamna, na mnachokipata ni saa za watu waliochoka.

Tazama pia nani anazichukua. Mara nyingi utakuta ni walewale wawili wenye karo za shule. Usiwalaumu, ila usiwaache wafanye usiku wa sita.

Zamu ndefu, za muda wa saa kumi na mbili, kwa mchana pia? Wauguzi wenyewe wanazitaka.

Wanazitaka kwa sababu zinawapa siku nyingi za kuwa nyumbani, au za kazi ya pili kwenye kliniki ya mtu, na nauli inapungua. Hospitali nayo inapenda makabidhiano mawili badala ya matatu. Hofu yangu ni saa mbili za mwisho, hasa hapa kwetu ambako mchana mrefu mara nyingi hauna chakula. Kama mtazichukua, toeni mlo, msipange zaidi ya tatu mfululizo, na msiruhusu mtu aliyetoka usiku kurudi mchana wake. Uji na mandazi ya usiku kwa wauguzi sita ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kosa moja la dozi.

Wanafunzi wa uuguzi wanatosha kuziba pengo?

Hapana. Wanafunzi wapo kujifunza, na kila mmoja anahitaji macho ya mwenye leseni. Wodi ambayo likizo ya chuo ikifika inasimama, ilikuwa haina wauguzi tangu mwanzo.

Ndugu wa wagonjwa je? Wapo pale usiku na mchana.

Huu ni utajiri wetu, na tunautumia vibaya. Kila mgonjwa anakuja na anayemuuguza: mama, shangazi, mke wa kaka. Wanapika uani, wanafua, wanalala chini ya kitanda. Bila wao nusu ya hospitali za nchi hii zingefunga milango kesho. Lakini tunawaachia kimyakimya kazi ambazo si zao: kubadilisha chupa ya dripu, kupandisha oksijeni, kumnywesha mgonjwa aliyezimia nusu. Halafu zile wanazoziweza hatuwafundishi.

Wafundishe dakika kumi siku ya kwanza. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili na kwa nini. Kumlisha akiwa ameketi. Kuosha mikono. Dalili za kumwita musawo (mganga au muuguzi) mbio: anapumua kwa shida, damu, hajibu anapoitwa. Waambie waziwazi wasichoruhusiwa kugusa. Na sema kwa lugha yao. Kwetu mpakani wodi moja ilikuwa na Wateso, Wagisu, Wajaluo, Wasamia na madereva wa malori kutoka kila upande, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotufikisha kwa wote. Maelezo ya Kiingereza yaliyobandikwa ukutani yalisomwa na mkaguzi tu.

Wauguzi wetu wanakimbilia serikalini na Uarabuni. Tuwafunge kwa mkataba?

Mkataba wa kufidia gharama za masomo uliyomlipia ni wa haki, ukiandikwa vizuri. Wa kumzuia tu mtu asiondoke haufanyi kazi. Anaondoka usiku na wewe unabaki na karatasi.

Kuondoka kwenyewe si jambo geni. Mwaka 2015 serikali yenyewe ilikuwa na mpango wa kupeleka wahudumu wa afya 263 Trinidad na Tobago, na watu wakaenda mahakamani kuupinga. Na serikalini mshahara ulipopandishwa kwa watumishi wa afya katika mwaka wa fedha 2022/23, hospitali za dini ziliachwa mbali zaidi. Hamwezi kushindana kwa mshahara, nawaambia bila kuwazungusha.

Mnaweza kushindana kwa nyumba. Katika mahojiano niliyofanya na walioaga, nyumba ilitajwa mara nyingi kuliko pesa: chumba chenye maji na umeme, karibu, asitembee usiku kwenda zamu. Pili, rosta inayotoka wiki nne mapema na isiyobadilishwa kwa simu ya saa kumi na mbili asubuhi. Tatu, mshahara unaofika tarehe ileile. Nimeona hospitali iliyolipa kidogo lakini tarehe 28 bila kukosa ikibaki na watu, na jirani yake iliyoahidi zaidi lakini ikachelewesha mishahara miezi miwili ikibaki na majengo. Nne, njia ya kusonga: mwenye cheti apewe nafasi ya kusomea stashahada huku akifanya kazi wikendi.

Na muuguzi mpya akija, usimtupe usiku siku ya tatu. Huyo ndiye anayeondoka mwezi wa nne, na matangazo, usaili na mafunzo yanaanza upya kwa gharama yenu.

Wauguzi wetu kadhaa wanalipwa na mradi wa wafadhili. Ni hatari?

Muulize yeyote aliyekuwa kazini mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Wahudumu wa kliniki za VVU na kifua kikuu waliokuwa na mikataba ya miradi walirudi nyumbani ndani ya siku chache, na wagonjwa wao wakahamia foleni ya kawaida, kwa muuguzi yuleyule mmoja. Pokea msaada, lakini kwa kila nafasi ya mradi andika ni nani ataifanya kazi hiyo ukikoma, na anza kutenga kidogokidogo. Usimpe wa mradi mshahara mara mbili ya mwenzake aliye meza moja naye. Mradi utaondoka, chuki itabaki.

Mimi niko hospitali ya wilaya. Siajiri, sifukuzi, silipi. Nifanye nini?

Una nguvu kuliko unavyodhani, ila ina kalenda. Ajira yako iko kwa tume ya utumishi ya wilaya, na ya hospitali za rufaa iko kwa Tume ya Utumishi wa Afya. Pesa ya mishahara isiyotumika hadi 30 Juni inarudi hazina. Kwa hiyo nafasi iliyo wazi usingoje Aprili kuitaja. Orodha ya wanaostaafu, waliofariki, waliohamishwa na walio masomoni iwe mezani kwa afisa utumishi kabla Julai haijaanza, ukiifuatilia kwa miguu yako, si kwa barua pekee. Mainchaji wengi hawajui hata ni nafasi ngapi za wodi yao zimeidhinishwa lakini ziko wazi.

Kuhusu watoro: mashine ya alama za vidole inaonyesha nani ameingia getini, haionyeshi kama yuko wodini. Kabla ya kumwita mtu mtoro, angalia anakaa umbali gani na mshahara wake ulifika lini. Kisha, kama bado ni mtoro, mwite mtoro. Huruma kwake ni mzigo kwa mwenzake anayeshika zamu mbili. Walio sehemu ngumu kufikika, kama Karamoja au visiwa vya Kalangala, wana haki ya nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara. Hakikisha majina yao yamo.

Tununue programu ya kompyuta ya kupanga rosta?

Kama rosta ya karatasi haiheshimiwi, ya kompyuta nayo haitaheshimiwa. Baadaye, labda.

Bodi inataka namba. Nipeleke zipi?

Tano, ukurasa mmoja, kila mwezi, kwa kila wodi: saa za uuguzi zilizopangwa na zilizofanyika kweli, wastani wa siku za kulala, saa za ovataimu, wauguzi walioondoka na sababu, vidonda vya mgongo na kanula zilizoambukizwa. Weka ya mwezi uliopita kando yake. Usipeleke kurasa thelathini, zitafunikiwa sahani za chai. Na usiende bila mhasibu: akisema yeye kwamba siku za kulala zimepungua kutoka tisa hadi saba, wanamwamini. Ukisema wewe, wanadhani unaomba watu.

Usiku wagonjwa wamelala. Kwa nini wauguzi wawili?

Hili ndilo lililotoka kwa baba askofu, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi yetu. Nilimwambia, "Baba, karibu usiku mmoja, ujionee." Sikutegemea angekuja. Alikuja, saa tano, na fimbo yake, tukampa kiti karibu na meza ya leba. Hadi saa saba alisinzia. Saa saba na robo mama mmoja alijifungua akaanza kutoka damu. Mmoja wetu alibaki na mikono tumboni kwake akisugua, mwingine akakimbilia oksitosini (dawa ya kuzuia damu), akaweka dripu ya pili, akapiga simu kwa daktari na kumpokea mtoto kwa mkono uliobaki. Chumba cha pili mama mwingine alikuwa anaita. Baba askofu alisimama, akavua koti, akaenda kumshika mkono yule wa chumba cha pili mpaka saa tisa.

Mama alipona. Kwenye kikao kilichofuata kipengele cha zamu za usiku hakikuwemo kwenye ajenda.